Kabla hujaweka choki kwenye jozi ya data

Karibu kila mchoro wa bodi unaoletwa karakana kwangu hapa Mombasa una kisanduku kidogo chenye koili mbili zilizolala sambamba, katikati ya chipu na soketi ya USB. Ukimuuliza mchoraji kwa nini kipo, mara nyingi atakwambia kilikuwepo kwenye mchoro wa mtengenezaji wa chipu. Ukimuuliza kinazuia mkondo gani na mkondo huo umetoka wapi, hapo mazungumzo hukwama. Kisanduku hicho ni choki ya mkondo wa pamoja. Ni kifaa ninachokiheshimu sana, na ndiyo sababu naumia kukiona kimepachikwa kwa mazoea, pengine mahali ambapo hakizuii kitu chochote zaidi ya data yenyewe.

Tuanze na nyaya. USB, HDMI, Ethaneti na CAN, ule mtandao wa vifaa vya magari na boti, zote hupitisha data kwa jozi. Waya mmoja ukipanda volti, mwenzake hushuka kwa kiasi kile kile, na mpokeaji husoma tofauti iliyopo kati yao. Mkondo unaokwenda kwa waya huu hurudi kwa ule, na kwa kuwa nyaya zimekaa karibu karibu, mawimbi yao hufutana kabla hayajafika mbali. Huo tuuite mkondo wa kupishana. Mkondo wa pamoja ni ule unaotembea upande mmoja kwenye nyaya zote mbili kwa wakati mmoja. Huo hauna mwenzake wa kurudi naye. Hurudi kwa njia yoyote itakayopatikana: graundi ya kifaa kingine, yaani sifuri yake ya volti, boksi la chuma, hata hewani. Na kebo inayobeba mkondo wa namna hiyo ni antena, utake usitake.

Choki huitenganisha mikondo hii miwili kwa njia nzuri mno. Nyaya zote mbili zimezungushwa kwa mwelekeo mmoja kwenye kiini kimoja cha feraiti. Mkondo wa kupishana ukipita, sumaku ya koili moja hufutwa na sumaku ya koili ya pili, kiini hakihisi kitu, na data hupita kana kwamba hapakuwa na koili. Mkondo wa pamoja ukipita, sumaku hizo mbili hujumlishwa na kiini hupinga kwa nguvu zake zote. Feraiti yenyewe ni kauri nyeusi iliyovumbuliwa Tokyo mwaka 1930 na Yogoro Kato na Takeshi Takei, na kampuni ya TDK ilianzishwa mwaka 1935 ili kuiuza. Donge lile lililo mwishoni mwa kebo za skrini na printa za zamani ni kauri hiyo hiyo, na ni choki vile vile, isipokuwa linakumbatia kebo nzima badala ya nyaya mbili. Tofauti hiyo ishike vizuri, tutairudia.

Watu huudharau mkondo wa pamoja kwa kuwa ni mdogo. Basi tupige hesabu. Kwa kebo iliyo fupi kuliko wimbi, nguvu ya mawimbi inayotoka, kwa volti kwa kila mita, ni takriban 1.26 × 10⁻⁶, zidisha masafa kwa hezi, zidisha urefu wa kebo, zidisha mkondo, kisha gawanya kwa umbali. Chukua kebo ya mita 1, megahezi 50, mkondo wa mikroampia 5, umbali wa mita 10. Jibu ni mikrovolti 31.5 kwa kila mita. Kikomo cha vifaa vya nyumbani kwenye CISPR 32, kiwango cha kimataifa cha kelele ya redio itokayo kwenye vifaa vya elektroniki, kati ya megahezi 30 na 230, ni desibeli 30 kwa umbali huo, yaani kama mikrovolti 32. Mikroampia 5 zimekufikisha ukingoni. USB 2.0 kwenye kasi yake ya megabiti 480 kwa sekunde husukuma miliampia 17.78 kwenye waya. Nishati ya data imesambaa kwenye masafa mengi, kwa hiyo namba hizi mbili hazilinganishwi moja kwa moja, lakini picha unaipata: nyaya mbili zikikosa kufutana kwa sehemu moja tu katika 3,500, si jambo la kupuuza.

Mkondo huo unatoka wapi, ikiwa jozi imechorwa kwa uangalifu? Sehemu yake hutokana na jozi kutokuwa sawa. Kwenye bodi ya kawaida ya nyuzi za glasi, FR4, ishara hutumia pikosekunde 6 hadi 7 kuvuka milimita moja. Njia moja ikiwa ndefu kuliko nyingine kwa milimita 5, upande mmoja huchelewa pikosekunde 30 na ushei, na katika kipindi hicho nyaya hazifutani. Biti moja ya USB 2.0 hudumu nanosekunde 2.08, kwa hiyo kuchelewa huko ni kitu kidogo. Biti ya USB 3.0 ya gigabiti 5 hudumu pikosekunde 200 tu, na hapo milimita 5 ni kosa la kurudisha mchoro mezani.

Lakini kwa ninavyoona kwenye vifaa vinavyonipitia, chanzo kikubwa si jozi. Ni graundi. Kila chipu inapobadili hali zake, graundi ya bodi hutikisika kidogo ikilinganishwa na boksi na dunia ya nje. Chochote kilichofungwa kwenye graundi hiyo hutikisika pamoja nayo: nyaya za data, waya wa volti 5, waya wa graundi na shildi, lile ganda la chuma linalozunguka nyaya ndani ya kebo. Kebo nzima inasukumwa kwa pamoja. Sasa angalia choki yako ya kwenye bodi imeshika nini. Imeshika nyaya mbili za data. Waya wa umeme, graundi na shildi vinapita pembeni yake bila kuguswa. Ni kufunga mlango wa mbele kwa komeo huku wa uani ukiuacha wazi.

Nililiona hili kwa ukaribu kwenye boti ya uvuvi inayofunga upande wa Tudor. Walikuwa wamewekewa kamera ya Ethaneti juu ya chumba cha nahodha, kebo ikashushwa hadi kwenye kirekodi chini ya meza ya usukani, na antena ya redio ya VHF ilisimama kama hatua moja kutoka kwenye kamera. Nahodha, mzee aliyezoea bahari kuliko nchi kavu, alinieleza hivi: "Mwanangu, kamera ikiwaka redio haipigi kelele. Yawa kiziwi. Watu waniita kanali ya kumi na sita nami siwasikii."

Neno lake lilikuwa sahihi kabisa. Ethaneti ya megabiti 100 huichanganya data kwa makusudi kabla ya kuituma ili nishati isirundikane kwenye masafa machache. Matokeo yake, kelele inayovuja haisikiki kama filimbi. Ni mvumo mwororo uliotandazwa kila mahali, unaoinua sakafu ya kelele ya redio. Watumiaji walikuwa wameongeza skwelchi, kidhibiti cha redio kinachonyamazisha mvumo, hadi ukanyamaza, na kwa kuiongeza wakazifungia nje ishara dhaifu. Kanali 16 iko kwenye megahezi 156.8. Ndiyo kanali ya kuitana na ya kuomba msaada baharini. AIS, inayoonyesha meli zilizo karibu, iko kwenye 161.975 na 162.025. Kwa mtu anayevuka mbele ya lango la Kilindini usiku, wakati meli za makontena zinaingia, redio kiziwi ni hatari ya roho za watu, na siwezi kuliandika jambo hili kwa lugha nyepesi.

Angalia pia urefu. Nusu ya wimbi kwenye 156.8 ni kama sentimita 96. Kwa hiyo kebo ya kawaida ya mita 1, kama ile ya USB ya kuchajia simu kwenye usukani, ina kipimo cha antena nzuri kwa kanali hiyo hasa. Hakuna aliyekusudia, lakini ndivyo ilivyo.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu taa za LED zinazoharibu mapokezi ya VHF na AIS, wakaeleza namna ya kupima: zima taa, weka redio kwenye kanali tulivu, punguza skwelchi hadi mvumo usikike, kisha ipandishe taratibu mpaka unyamaze tu. Washa taa. Mvumo ukirudi, umempata mshukiwa. Nilifanya vivyo hivyo kwa kamera, na mvumo ulirudi papo hapo. Kila mwenye boti anaweza kulifanya hili mwenyewe, na ningependa mafundi wanaofunga kamera na taa walifanye kabla ya kudai malipo yao.

Baada ya hapo nilichukua feraiti ya kubana, nikaizungushia waya mwembamba mizunguko michache, ncha zake nikaziunganisha kwenye kipokezi kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta. Ukiibana juu ya kebo, inasoma mkondo wa pamoja peke yake, kwa sababu mkondo wa kupishana unajifuta ndani ya kebo. Kipimo hiki cha bei ya chini kimenifundisha mengi kuliko vitabu. Nikaipitisha kebo kutoka juu hadi chini. Mkondo ulikuwa mkubwa upande wa kamera, ukapungua ulipokaribia kirekodi, kama inavyotarajiwa kwa waya ambao mwisho wake haujafungwa popote.

Sasa, soketi ya Ethaneti ya kamera ilikuwa na choki tayari. Karibu zote zinazo: ndani yake mna transfoma ya kutenganisha, choki ya mkondo wa pamoja, na resista za ohmu 75 zinazopeleka mabaki kwenye kapasita hadi kwenye boksi. Kuongeza choki nyingine kwenye jozi kusingebadilisha kitu. Kelele ilikuwa inatoka kwa shildi.

Nikaikata plagi ya upande wa kirekodi na kuifungua chini ya lenzi. Ganda lake la chuma lilikuwa na unga mweupe uliochanganyika na kijani, rangi ya juu imebanduka vipande, na pale shildi ilipopaswa kuligusa ganda palikuwa na chembe za chumvi tu. Mita ilisoma hakuna mguso. Shildi hiyo ilikuwa imefungwa kwenye graundi chafu ya kamera upande mmoja na kuning'inia bure upande wa pili: mita kadhaa za antena zilizopandishwa juu ya paa.

Niliweka plagi mpya, shildi ikabanwa kuzunguka ganda lote badala ya kusokotwa kuwa mkia, boksi la kirekodi likafungwa kwenye chuma cha boti, na mguso ukapakwa grisi ya kuzuia maji. Jaribio la skwelchi lilionyesha tofauti kubwa kabla hata sijagusa feraiti. Kisha nikabana feraiti upande wa kamera, kebo ikapita ndani yake mara mbili, maana upinzani hupanda kwa mraba wa mizunguko: mara mbili hukupa karibu mara nne, mpaka masafa yanapokuwa juu sana na mizunguko ikaanza kuvujishiana. Mvumo uliobaki ukaisha.

Hili la chumvi naomba lizingatiwe na kila anayechora vifaa vya pwani. Miongozo mingi ya watengenezaji huchukulia kwamba ganda la soketi litagusana na plagi leo na miaka mitano ijayo. Hapa kwetu upepo ukiwa kaskazi au kusi, chumvi iko hewani. Kifaa kinachofaulu kipimo kikiwa kipya kinaweza kuanza kuvujisha kelele ndani ya muda mfupi bila chipu yoyote kuharibika. Mimi nachagua soketi zenye vidole vingi vya kugusana, zilizopakwa vizuri, hata zikigharimu zaidi. Pesa hiyo inafanya kazi kuliko choki.

Sijasema choki haina kazi. Ina kazi pale ambapo kelele iko kwenye jozi yenyewe, kwa mfano kebo isiyo na shildi, au dereva, yaani saketi ya chipu inayosukuma ishara, ambayo upande wake mmoja unapanda kwa kasi tofauti na wa pili unavyoshuka. Hapo lazima uichague kwa makini. Wengi husoma namba moja tu: ohmu 90 kwenye megahezi 100. Intel, katika mwongozo wake wa kuchora bodi za USB 2.0, ilitaja ohmu 80 hadi 90 kuwa zinatosha kwa kawaida, na ikasisitiza kwamba ukishapata choki inayozima kelele bado upime imeifanya nini ishara. Sehemu hii ya pili ndiyo inayorukwa.

Mfano mmoja niliomwonyesha kijana ninayefanya naye kazi, kwenye oskiloskopu. USB ya megabiti 12 humaliza kila pakiti kwa kuziteremsha nyaya zote mbili hadi sifuri kwa muda wa biti mbili, kama nanosekunde 167. Tafakari: waya mmoja unashuka kutoka volti 3.3, mwingine uko chini tayari. Tendo hilo ni nusu mkondo wa kupishana, nusu mkondo wa pamoja. Choki inaruhusu ile nusu ya kwanza mara moja na kuichelewesha ya pili. Tulipoweka koili kubwa kupita kiasi, mistari miwili ilikutana katikati, karibu na volti 1.65, kisha ikashuka pamoja, ikapita chini ya sifuri na kuyumba. Waya uliokuwa umetulia chini ulirushwa juu bila kosa lake. Mpokeaji anangoja kuziona zote mbili chini ya volti 0.8, na kwa muda huo haoni. Choki ya ohmu 90 ni kama mikrohenri 0.14 na mara nyingi haileti shida hii. Koili ya kuokoteza kutoka kwenye saketi ya umeme, yenye henri mara elfu ya hizo, italeta. Koili hizo za umeme pia kwa kawaida zina feraiti ya manganizi na zinki, nzuri kwenye masafa ya chini. Kwa megahezi 30 na kuendelea, tafuta ya nikeli na zinki.

Kwenye CAN hatari ni nyingine. NMEA 2000, mtandao wa vyombo vya boti, ni CAN ya kilobiti 250 kwa sekunde, na choki zake huwa kubwa, mikrohenri 51 au 100. Waya wa mtandao ukigusana na waya wa betri, jambo linalotokea kwenye boti kuukuu, mkondo wa moja kwa moja hujaza koili, na chipu inapobadili hali koili huurudisha kwa mshindo wa volti unaoweza kuvuka uwezo wa chipu yenyewe. Kifaa kilichowekwa kulinda kinaua. Ukilazimika kuitumia, weka dayodi ya kinga kati ya choki na chipu, zaidi ya ile ya soketini. Chipu nyingi za CAN za siku hizi zina ulinganifu mzuri, kwa hiyo jaribu kwanza bila choki.

Na kwenye USB 3.0 namba ya megahezi 100 haina maana yoyote. Mawimbi ya gigabiti 5 yamejaa hadi juu ya gigahezi 2.4, na mwaka 2012 Intel yenyewe ilichapisha maelezo ya namna USB 3.0 inavyovuruga vifaa visivyo na waya vya masafa hayo. Anayechomeka diski ya nje karibu na kipokezi cha kipanya kisha kipanya kikaanza kukwama ameshakutana nalo. Choki ya hapa lazima iwe ya tabaka nyembamba, koili zake zimeshikana kiasi kwamba sumaku haivuji. Omba michoro miwili kwa muuzaji: ule unaoonyesha data inapungua kiasi gani kwenye gigahezi 2.5, na ule wa mkondo wa pamoja kwenye masafa yanayokusumbua. Akikosa wa kwanza, usinunue. Choki ya USB 2.0 ukiiweka hapo, kiungo kitashuka kasi au kitakatika.

Mahali pa kuiweka ni jirani kabisa na soketi, dayodi ya radi na umeme tuli ikiwa upande wa nje, ili choki isaidie kupunguza mshindo unaoingia. Njia ya kutoka kwenye choki hadi soketi isipite kando ya njia ya ishara ya saa ya kichakataji wala koili ya saketi ya umeme. Nimeona bodi ambapo sentimita mbili baada ya choki zimetosha kuokota kelele upya.

Kwenye bodi zangu natenga nafasi ya choki lakini sianzi nayo. Miguu minne ya ukubwa wa milimita 2.0 kwa 1.2 hupokea choki, au resista mbili za sifuri ohmu zikiwa sambamba. Bodi ya kwanza hutoka na resista. Inapimwa kwa feraiti yangu ya kubana, plagi ikiwa mpya, kisha plagi iliyokaa nje kwenye upepo wa Mama Ngina, kisha shildi ikiwa imekatwa kabisa. Kelele ikibaki kwenye jozi baada ya shildi na graundi kurekebishwa, resista zinatolewa, choki inaunganishwa kwa solda, na vipimo vyote vya data vinarudiwa upya kwa kebo ndefu kuliko zote atakazotumia mteja.